Darasa la Saa Kumi Jioni

Milembe mwanangu,

Salamu za kuulizana hali tuziache, maana umetoka hapa sasa hivi na mikeka yako begani, unakimbia, kamba ya raba moja haijafungwa. Umesema, "Mama, naenda kuwaaga watu wangu wa Jumamosi, usinisubiri kula." Nami nimekaa uwani, nimeweka sinia mapajani, karatasi juu ya sinia, naandika. Muziki wa ukumbini kwako unafika mpaka huku. Ukipiga wimbo wa haraka na mkono wangu nao unakwenda haraka, kwa hiyo mahali utakapoona herufi zimepandana ujue hapo mlikuwa mnaruka.

Kesho alfajiri unapanda basi. Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji, kutompa simu yako mtu usiyemjua, hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla sijafika mwisho. Siyaandiki. Nataka kuandika yale ambayo nikianza kuyasema nalia, au wewe unaanza kunicheka, au Rehema, msaidizi wako, anaingia kuuliza ufunguo wa ukumbi uko wapi.

Na nataka kukujibu. Tangu upate kazi hiyo ya Dar unaniuliza swali moja na mimi nalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Juzi Alhamisi umeniuliza tena, tena mbele za watu: "Mama, darasa la saa kumi utalishika? Maana ukikataa nalifunga." Nikasema mguu unaniuma. Ni kweli unauma, lakini halikuwa jibu. Jibu liko humu. Usiruke kurasa kulitafuta, soma taratibu, safari ya basi imeshaisha.

Kwanza niseme nimefurahi. Watu wananiona nimekunja uso wanadhani nimechukia. Huo ndio uso wangu wa furaha nikiwa na hofu. Sokoni nimeshawaambia wote, hata wanaonunua karanga kwa mara ya kwanza. Nawapimia, halafu nasema, "Mwanangu anakwenda Dar, amekuwa Mkurugenzi Mtendaji." Wananiuliza wa nini. Nasema wa mazoezi. Mzee Salumu wa duka la vitenge akaweka miwani chini kabisa.

"Mama Milembe, hata kuruka kamba siku hizi kuna bosi?"

"Yupo. Na nimemzaa mimi."

"Haya, mwambie aje anirukishe, nina tumbo hili."

"Huwezi kumlipa, Mzee Salumu. Wewe hata kitenge ukipunguza bei unaugua."

Walicheka mpaka kule kwenye dagaa. Ndiyo hivyo ninavyotembea siku hizi, mwanangu. Nimerefuka.

Lakini ulipoacha kazi benki sikurefuka. Nilikaa nyuma ya magunia ya karanga nikalia, nikajifuta na khanga, nikarudi kuuza. Nilikuwa nimeshawaambia wote kwamba wewe unakaa kwenye kiti kinachozunguka. Halafu ukapanga lile ghala bovu la pamba, ukafagia nyuzi zilizoganda ukutani, ukaweka spika. Watu wakasema, "Binti wa Minza ameacha kiti cha kuzunguka, sasa anazunguka mwenyewe." Walisema mbele yangu. Na mimi badala ya kukutetea nikacheka nao. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nakubaliana nao. Mimi mtu wa darasa la nne ningejuaje kwamba kuna kazi ya namna hiyo duniani, kukusanya watu wachache kwenye chumba kimoja, kumjua kila mmoja kwa jina, kujua nani goti linamsumbua na nani amefiwa, na kuwatoa jasho kwa muziki mpaka warudi tena wiki ijayo?

Sasa lile kosa langu la sufuria. Nikilikumbuka mpaka leo nafunika uso.

Uliniambia hivi, na maneno yako nayakumbuka: "Mama, Jumamosi watu wanakuja kwangu, tutafanya kazi ya mwili kwa pamoja, kwa muziki, mpaka jasho." Mimi nikasikia kitu ninachokijua. Kwetu kijijini Shishiyu watu wakija kwako kutoka jasho kwa pamoja, ngoma ikiwa mbele, basi wewe mwenye shamba unapika. Huulizwi. Usipopika, aibu hiyo utazikwa nayo. Nikasema moyoni, mtoto huyu amekulia mjini, hajui, atawaachia watu waondoke na njaa, watamsema mpaka Maswa.

Nikaamka gizani. Ugali wa sufuria la harusi, nyama ya kuchemsha, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye ndoo. Nikakodi guta la magurudumu matatu. Yule kijana wa guta akaniuliza, "Mama, msiba uko wapi?" Nikamwambia msiba wa nini, mwanangu amepata wakulima.

Nikafika mmemaliza. Wanawake wamelala chali kwenye mikeka, na taiti zao, wanahema. Nami nimesimama mlangoni na mwiko. Ulikuja mbio, umeshika kichwa.

"Mama, hiki nini?"

"Chakula cha watu wako."

"Mama! Hawa wamelipa waje kupunguza mwili."

"Wamelipa nani?"

"Wamenilipa mimi."

"Wamekuja kutoka jasho kwako, halafu wakulipe wao, halafu usiwape chakula? Milembe, nani alikufundisha uchoyo huu?"

Wewe machozi yako karibu kutoka. Mimi nimekasirika. Na pale chini, yule dada wa halmashauri, aliyelala kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, akafungua jicho moja. Akasema, "Mama, na mgando upo?"

Basi ikaisha. Walikula, mwanangu. Walikula kama hawajawahi kusikia neno kupunguza. Yule daktari alilamba vidole, akasema tangu bibi yake afariki hajakula mlenda ule. Walikaa mpaka jua likawa kali, wanasimuliana, waliokuja hawajuani wakaondoka wameshapeana namba za simu.

Hukusema nami siku mbili. Siku ya tatu ukaja jikoni, ukakaa kwenye kigoda, ukasema, "Mama, nimefikiri. Ugali hapana. Lakini kile kikao, ndiyo." Jumamosi iliyofuata ukaweka matikiti na karanga za kuchemsha, ukapiga marufuku mtu kuondoka bila kukaa kidogo na wenzake. Na kutoka pale watu wako hawakuondoka tena. Mtu asipoonekana, mwenzake anampitia nyumbani. Mimi nilileta sufuria, wewe ukatoa ugali ukabakiza watu. Ndiyo maana wewe ni mkurugenzi na mimi nauza karanga. Nasema hivi kwa furaha, usinune.

Sasa kuna kitu hujawahi kuniuliza: kwa nini nilipika kingi vile? Walikuwa watu wachache tu. Sufuria la harusi la nini?

Nilipoolewa na marehemu baba yako nilikuwa msichana mwenye nguvu. Wewe unanijua na mguu huu, lakini uliza Shishiyu. Tulikuwa na kikundi cha kulima, bugobogobo ya kweli, siyo hii ya kuchezea wageni. Leo shamba la huyu, kesho la yule, ngoma mbele, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mimi nikawekwa mwanzo wa mstari kwa sababu nilikuwa na kasi. Wa mwanzo ndiye anayewavuta wengine. Mpiga ngoma anamtazama yeye.

Nikalewa hiyo kasi. Nilikuwa nasikia jembe langu tu. Nikifika mwisho wa tuta nageuka, nawaona wako mbali, natabasamu. Nilidhani ile ndiyo kuongoza. Kulikuwa na mwenzangu anaitwa Ng'wasi, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, daima wa mwisho. Siku moja akaniambia, "We Minza, unalima au umeiba jembe unakimbizwa?" Watu wakacheka. Mimi nikajibu vibaya, nikamwambia anayechoka akae nyumbani anyonyeshe.

Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza. Walianza kupungua tu. Huyu anaumwa, huyu ana mgeni. Ikafika zamu ya shamba letu. Nikapika. Nilipika kwa fahari, nyama, kila kitu, kwa sababu nilitaka waone shamba la mwanamke mwenye kasi linavyolisha watu. Jua likatoka. Likapanda. Hakuna mtu. Mpiga ngoma hakuja. Nimesimama na sufuria limejaa, nzi wameanza kuja, nikamwona mtu mmoja anatokea njiani polepole, mtoto mgongoni. Ng'wasi.

Akaniita mama kwa Kisukuma chetu, akasema, "Wengine hawaji, mayu. Mimi nimekuja maana najua anavyojisikia mtu akiachwa nyuma."

Baba yako alikuwa amekaa pembeni ananoa jembe. Unajua ulimi wake. Akasema, "Ulitaka kuwashinda, mke wangu. Haya, wamekubali umeshinda. Lima."

Tukalima watatu. Ng'wasi akaweka mwendo, wa polepole, na mimi nikamfuata. Jioni mgongo haukuniuma kama siku zote. Sikumwomba msamaha siku ile, nilimpakulia tu nyama nyingi. Nilimwomba baadaye sana, wewe ukiwa unatambaa. Akaniambia alishasahau. Mimi ndiye sikusahau. Tangu siku ile sijasimama mbele ya watu. Kanisani wakitaka kiongozi wa akina mama naangalia dari. Kwenye vikoba wakitaka mwenyekiti naenda chooni. Wewe ulidhani mama yako ana aibu. Hapana, mama yako alishawahi kuongoza, akabaki na sufuria.

Ndiyo maana siku ile ya ghala, niliposikia watu wanakuja kutoka jasho kwa mwanangu, nilipika kama mtu anayelipia jambo. Na walipokula wote, mwanangu, kumbe nilikuwa nimesubiri muda mrefu kuliko nilivyojua.

Sasa usidhani nakueleza haya ili nikufundishe kazi. Kazi yako unaijua. Nimeamini siku ile ya usaili. Ulisema wenye ile kampuni ya kumbi za mazoezi watakuhoji kwa kompyuta, watu wanne wako Dar, niondoe kelele ndani ya nyumba. Nikajificha nyuma ya pazia nimemshika jogoo, mdomo wake mkononi mwangu, asije akawika. Nawe umevaa koti la suti juu, chini taiti ya mazoezi. Nilitaka kucheka, nikamuuma jogoo manyoya.

Yule mwanaume akakuuliza kwa sauti ya kutania, "Bariadi? Huko mnafanya mazoezi au mnalima?"

Nikajua sasa mtoto atasema samahani, ataanza kujitetea. Wewe ukasema, "Tunafanya vyote, kaka. Na waliojiunga nami siku ya kwanza bado wanakuja. Wa kwenu je?"

Mwenyekiti wao, yule mama mwenye sauti nzito, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mjibu, si umeuliza?"

Kisha yeye mama akakuuliza, ukipewa kumbi zote hizi, kitu cha kwanza utafanya nini. Mimi nilidhani utasema mambo ya mikutano. Ulisema, "Nitakwenda kila ukumbi, nitasimama mstari wa nyuma, nifanye darasa kama mteja. Sitasema mimi ni nani. Nataka kuona kocha anamwona mtu wa nyuma au anajitazama kwenye kioo."

Jogoo aliniponyoka. Ndiyo kelele ile uliyoisikia, siyo paka kama nilivyokudanganya. Hilo neno mimi lilinigharimu kikundi kizima na shamba zima kulijua. Wewe ulilisema umekaa kwenye kiti cha plastiki, nusu mkurugenzi nusu mwanamazoezi, na hakuna aliyekufundisha. Au labda damu inafundisha, sijui. Niliingia jikoni nikacheza peke yangu.

Hofu ninazo, siwezi kukuficha. Naogopa watakucheka ukisema Kiswahili chetu. Waache wacheke kidogo, halafu uwajibu kama ulivyomjibu yule. Naogopa siku utakayolazimika kufunga ukumbi mmoja, au kumwambia kocha fulani basi, nenda. Siku hiyo itakuja, siwezi kukudanganya, kiti hicho si cha kuchekea watu tu. Nenda mwenyewe ukamwambie, usimtume mtu, na usikimbie kuondoka baada ya kumwambia. Kaa. Akitaka kulia, alie ukiwepo. Mimi nilikimbia macho ya Ng'wasi misimu mingapi, na macho yale yalikuwa yananisubiri tu kila nikienda kisimani.

Na utakosea. Utakosea kikubwa, maana umepewa kikubwa. Mimi makosa yangu niliyaweka ndani mpaka yakanipa sura hii ya kununa. Wewe ukikosea sema wiki hiyo hiyo, kabla halijaota mizizi. Basi. Hilo tu ndilo nalijua kuhusu ukurugenzi.

Ngoja, umeweka wimbo ule wa polepole, wa kunyoosha viungo. Unakaribia kumaliza. Niharakishe.

Sasa Alhamisi. Wewe ulichelewa darasa la saa kumi kwa sababu ya simu ya Dar. Ulituma ujumbe kwa Rehema aanze. Sisi wanawake watu wazima tumekaa kwenye mikeka, kila mtu na goti lake. Unajua Rehema nampenda kama wewe, na ukumbi utakuwa salama mikononi mwake, kwa vijana. Lakini Mama Masunga, jirani yetu, unajua mdomo wake. Rehema alipochuchumaa mpaka chini akasema, "Akina mama, kidogo tu," Mama Masunga akajibu, "Mwanangu, wewe una mifupa ya mpira. Kidogo yako, kwangu mimi ni hospitali."

Rehema akacheka, spika ikazima, umeme ukakatika. Watu wakaanza kuokota khanga waondoke. Nikaona kile kitu nilichokiona Shishiyu. Watu wanapungua. Hakuna ugomvi, hakuna neno, wanaondoka tu. Na sijui nini kilinishika. Nikageuza ndoo ya kupigia deki nikaanza kuipiga, nikaimba wimbo wetu wa palizi. Sikuomba ruhusa. Mama Masunga akasema, "Ee mayu! Minza ana ngoma?" akatupa khanga, akashika jembe la hewani.

Tukalima, mwanangu. Tukalima ghala zima pasipo jembe. Kuinama, kuinuka, kurusha mikono. Wale waliokulia kwenye majembe walijua, wasiojua walifuata. Nami mkono ulitaka kukimbia, mkono huu hauzeeki. Lakini nikatupa macho nyuma. Yule mama mpya, aliyetoka hospitali, amesimama karibu na mlango, anahema kwa mdomo. Mkono ukapunguza wenyewe. Nikapiga polepole. Akaingia. Wote wakaingia. Ilikuwa kitu kimoja kinapanda, kitu kimoja kinashuka.

Sikujua umesimama mlangoni. Niliona tu Rehema anaangalia kule, nikageuka, na wewe umeshika simu kifuani, huiangalii. Ndipo ukaniuliza lile swali mbele yao. Mama Masunga akaongeza, "Haya sema, Jumatatu tunakuja au hatuji?" Na mimi nikasema mguu unaniuma. Nikaona uso wako ulivyoshuka. Usiku ule ukasema hukuwa na haki ya kuniomba, utalifunga, wataelewa. Ukasema, "Lakini mama, nitakuwa Dar nasimamia kumbi zote hizo, na saa kumi mahali nilipoanzia patakuwa na kufuli."

Hukunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza.

Sikia basi. Nitalishika.

Nimeshaliandika, sasa siwezi kulifuta, maana kalamu yenyewe ni ya wino. Nitalishika darasa la saa kumi, Jumatatu na Alhamisi. Ila nina masharti, na wewe kama mkurugenzi uyasikilize. Moja, sivai taiti. Nitavaa kitenge na fulana ya ukumbi, basi. Jingine, yale majina yako ya Kizungu siyawezi. Ile ya kuchuchumaa itaitwa kuchuma pamba ya chini. Ile ya kunyoosha mikono juu itaitwa kufukuza ndege kwenye mtama. Ile ya kulala chali na kuinua miguu bado sijaipatia jina, maana kwetu hakuna kazi ya shamba inayofanywa umelala chali, Mama Masunga ameshapendekeza jina lakini siwezi kuliandika kwenye barua ya mwanangu. Na Rehema atakaa pale pembeni kunisimamia, yeye ana cheti, mimi nina ndoo. Nikimwumiza mtu kiungo aniambie, sitanuna.

Naogopa. Naogopa kuliko wewe. Wewe unakwenda kwa watu waliokutafuta, wakakupigia simu, wakakuandalia ofisi. Mimi Jumatatu nitafungua lile ghala, nitasimama mbele, na sijui nani atatokea njiani. Inawezekana asije mtu. Nimelifikiria hilo tangu Alhamisi, nimeligeuza upande huu na huu. Na nimeona kwamba asipokuja mtu nitapiga ndoo hivyo hivyo, polepole, mpaka aje wa kwanza, hata kama ni mmoja. Mmoja ananitosha kuanzia. Nilishawahi kuanza na mmoja.

Muziki umezimwa. Nasikia mnapiga makofi, na mtu analia, nadhani ni yule dada wa halmashauri. Sasa mtakaa mle matikiti. Nina muda wa kukunja karatasi hii na kuificha kwenye begi lako, chini ya viatu vya kazini, uione ukiwa umeshafika, usije ukaisoma kabla ukasema huendi.

Nenda, mwanangu. Wabeja, asante, kwa kunirudisha mbele ya watu. Ukifika nijulishe. Siku nyingine piga wakati wowote, hata nikiwa nimelala nitapokea. Lakini Jumatatu na Alhamisi usinipigie saa kumi jioni. Saa hiyo niko kazini.

Mama yako,
Minza